Nilivyousogeza mto ili jirani yangu asihamishwe, kumbe mwenyewe alitaka kuhama

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Kigoma, wa Tabora, wa Dar na sisi wa huku ng'ambo ya mpaka.

Humu mimi ni msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nalala. Leo nimeazima miwani ya mke wangu, nimekaa barazani, naandika. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, maana mke wangu yuko hapa pembeni anachambua maharage, na nikipindisha atanisahihisha kwa sauti.

Niko Gitega, Burundi.

Nilizaliwa Mwakiro, upande wa Muyinga. Nilivushwa mpaka nikiwa nabebwa mgongoni. Nikakulia kwenye makazi ya wakimbizi huko kwenu, nikasoma hadi kidato cha nne, nikaoa, nikazeeka nusu. Amani ilipotulia tukarudi.

Sitawachosha na safari. Niseme tu kwamba nimehamishwa mara nyingi kuliko mti wa kitalu. Tulihamishwa kutoka makazi haya kwenda yale, kutoka yale kuja nyumbani, na nyumbani Mwakiro nako nikakuta shamba la baba lina watu wengine. Nikaishia Gitega mjini, kwenye kiwanja kidogo karibu na mto.

Kwa hiyo neno "kuhama" likitajwa mbele yangu, naanza kuhesabu mabegi. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa mto wenyewe.

Sisi tunauita Gasenyi. Si mto wa kutisha. Kiangazi unaweza kuuvuka bila kuvua viatu ukichagua mawe vizuri. Upande wetu kuna mawe mapana ambako akina mama hufulia. Nyuma ya mawe kuna uwanda wa majani, kisha mstari wa matete, kisha nyumba zetu zinaanza. Masika mto unakuwa mnyama mwingine kabisa, lakini masika ikipita tunausamehe.

Naupenda mto huu, wakuu. Niliporudi nchini sikuwa na rafiki hapa mjini, na mahali pa kwanza nilipozoea kukaa ni pale kwenye mawe. Hapo ndipo nilipokutana na Hamisi.

Hamisi ni fundi wa mabati. Anatengeneza mbabula, yale majiko ya mkaa. Ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, baba yake alikuwa fundi na babu yake pia. Kiswahili chake ni cha huku, kina Kirundi ndani na Kifaransa juu, na cha kwangu anakicheka. Nikisema "tafadhali naomba maji" anasema naongea kama redio.

Aliniona nimekaa juu ya jiwe akaniuliza, "We mutama, unachunga maji ao maji inakuchunga?" Mutama huku ni mzee.

Tangu siku hiyo ni ndugu yangu. Nyumba zetu zimepakana. Yake iko karibu na mto kidogo kuliko yangu. Sikukuu ya Idi tunakula kwake, Krismasi wanakula kwetu, na kuku siku hiyo anachinja yeye ili wote tule bila wasiwasi. Mke wake, Mama Shabani, na mke wangu, Mama Neema, wana lugha yao ya kucheka ambayo sisi wanaume hatuielewi.

Basi, mji ukaleta mpango wa matumizi ya ardhi.

Kwa wasiojua: ni ramani inayosema huku watajenga, huku soko, huku shule, na kando ya mto paachwe ukanda mtupu, usijengwe, usifyatuliwe matofali, ili mto upumue. Rasimu ililetwa kwa wananchi tuipitie. Kila kartiye, yaani kila mtaa, itoe mtu mmoja wa kukaa kwenye kamati ya mapitio.

Kartiye yetu wakasema, "Baba Neema amesoma Tanzania, aende yeye."

Nilifurahi, sidanganyi. Nilipiga pasi suruali.

Kwenye kamati alikuwepo injinia wa mpango, binti anaitwa Aline, mpole lakini haachi swali njiani. Akatueleza kanuni vizuri kabisa. Ukanda unapimwa kuanzia pale maji yanapofika masika. Atakayekutwa ndani ya ukanda atapewa kiwanja kingine huko juu, nyuma ya soko. Atakayekuwa nje ya ukanda atabaki alipo.

Wenzangu walisikia "kiwanja kingine". Mimi nilisikia "kuhama".

Nimeshaahidiwa viwanja vingi maishani, wakuu. Nilitazama ramani, nikaona mstari ukipita juu ya paa la Hamisi, tena ukigusa la kwangu, na sikusikia tena kitu kingine siku ile.

Ikafika siku ya kupima. Aline alikuja na vijana wake, tepu, vigingi na kopo la rangi nyekundu. Hamisi hakuwepo, alikuwa amepeleka mbabula zake Muyinga kwenye soko, kama afanyavyo kila akijaza gari.

Aline akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mjumbe wa kartiye. "Mzee, masika maji hufika wapi hapa?"

Jibu nililijua. Kila mtu pale alilijua. Maji huyafikia matete na kuyapita, na mwaka ukiwa mbaya hufika milangoni kwetu.

Nikanyoosha mkono kwenye mawe ya kufulia.

"Hapo," nikasema. "Yakizidi sana, hapo."

Majirani walikuwa wamesimama kutazama. Nani atabisha wakati mstari unasogea mbali na nyumba yake? Mfyatua matofali mmoja alinipigia jicho na kutabasamu. Mama Neema alikuwa na beseni la nguo, akaniangalia, akainama akaendelea kufua.

Nyumbani ndipo aliponiuliza, huku anatia chumvi kwenye mboga, "Baba Neema, mto nao umekimbia nchi? Mbona nimeuona umehamia kwenye mawe?"

Nikamwambia, "Nimemwokoa Hamisi."

"Amekuomba?"

"Kitu kama hicho mtu haombi."

Akasema "Haya." Mlio kwenye ndoa mnaijua "haya" ya namna hiyo.

Hamisi aliporudi kutoka Muyinga nilimfuata kabla hajashusha mzigo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

"Hamisi, tumepona! Rangi imepita nyuma ya choo chako."

"Nyuma? Upande wa mto?"

"Upande wa mto!"

"Donc mi nabaki." Donc ni "kwa hiyo".

"Unabaki, ndugu yangu. Hakuna wa kukugusa."

Akavuta mbabula moja iliyogeuzwa, akaikalia. Nilidhani ni uchovu wa safari.

"Baba Neema," akasema, "nani alikutuma?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mi nilikuwa nangojea hiyo rangi kama mutu anangojea mushahara. Kila mwaka iko maji mu nyumba. We unajua. Tunapandisha kitanda juu ya matofali, mabati inashika kutu mbele nitengeneze hata kitu. Mama Shabani anakohoa kila masika, unamuletea tangawizi. Unafikiri anakohoa juu ya nini? Juu ya kukuona we?"

Nikaanza kumshushia mzigo.

"Nilienda huko juu kuangalia viwanja," akaendelea. "Iko upepo, iko njia, watu wa soko wanapita. Nilishaonyesha bibi yangu mahali atapanda lenga lenga. Sasa we, na tepu yako ya Tanzania, umenirudisha mu maji."

Niseme kwa wasiojua: huku bibi ni mke, mbele ni kabla, na lenga lenga ni mchicha.

Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa kishindo, aliusukuma taratibu tu. Afadhali angeubamiza.

Wakuu, hapa ndipo mtu mwenye akili angekwenda kesho yake asubuhi kwa Aline aseme, binti, nilikuonyesha vibaya, tupime upya. Ni sentensi moja.

Sikwenda.

Kwa sababu wakipima kuanzia kwenye matete, nyumba yangu nayo inaingia. Parachichi zangu zinaingia. Nilikuwa nimeapa, mbele ya Mama Neema, kwamba hii ndiyo nyumba watakayonitolea ndani nikiwa nimelala. Niliona ukweli kwamba sehemu ya ule wema ilikuwa ni woga wangu mwenyewe, nimeuvalisha koti la Hamisi.

Masika ikaanza mapema. Mvua ya kwanza tu, nikamsikia Mama Shabani akikohoa ng'ambo ya ua. Nililala nikikisikia kile kikohozi, nikaamka nacho. Nikamwambia Mama Neema naenda Mwakiro kusalimia.

"Nenda," akasema. "Usisahau kurudi."

Kule Mwakiro ninaye mtu anaitwa Melkiori. Ndiye niliyemkuta kwenye shamba la baba niliporudi nchini. Alikuwa amelima pale tangu ujana, watoto wake wamezaliwa pale. Tungeweza kuchukiana, wapo waliochukiana hadi leo. Sisi tuligawana, na baadaye sehemu yangu nikamwachia mdogo wangu. Kila mavuno Melkiori hunitumia maharage bila kuombwa.

Alinipokea kwa urwarwa, ile pombe ya ndizi, tukakaa uani. Mkewe akanitania kwamba nimenenepa kama mtu wa mjini. Nikawaeleza kisa chote, nikitegemea wanionee huruma.

Melkiori si msemaji. Aliweka mrija wake pembeni, akaniuliza, "Unakumbuka siku uliyokuja na mabegi?"

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza nini, kabla hata hujakaa?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesimama njiani nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno ya kisheria kichwani. Yeye akatoka na jembe begani, akanitazama, akauliza, "Wewe unataka upande gani, wa juu au wa bondeni?"

Wakuu, katika miaka yote ya kuandikishwa, kuhesabiwa, kupakiwa na kushushwa, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza ninataka upande gani. Nilichagua upande wa juu, na nililia mbele ya mtu nisiyemjua.

Mkewe Melkiori akasema, "Wewe uliulizwa. Na yule fundi wako?"

Sikumaliza urwarwa. Kesho yake nikapanda gari la kurudi.

Nilifika Gitega kukiwa kumebaki kikao cha mwisho cha mapitio. Baada ya hapo rasimu inapelekwa juu, na mstari ukishapita umepita.

Nilikwenda kwanza kwa Hamisi. Alikuwa anakata bati na hakuinua kichwa.

"Hamisi, nataka kwenda kusema ukweli kwenye kamati. Lakini safari hii nakuuliza. Nikasema, au niache?"

Akakata bati hadi mwisho wa mstari.

"Na nyumba yako?"

"Itaingia."

"Na avoka zako?" Huku parachichi ni avoka.

"Zitaingia."

Akanyanyua macho. "Sema," akasema. "Lakini vaa ile suruali ya pasi. Usinipatishe haya."

Ukumbi ulijaa. Ramani imebandikwa ukutani, na mstari wetu umenyooka vizuri karibu na maji, unapendeza kwa macho. Aline akauliza kama kuna wa kuchangia kabla hawajafunga. Nikasimama.

"Injinia," nikasema, "siku ile nilikuonyesha mto wa kiangazi. Ulikuwa umeniuliza wa masika."

Watu wakaanza kuguna. Yule mfyatua matofali akapaza sauti, "Mutama amelewa!" Mwingine akasema nimenunuliwa. Mama mmoja ninayemheshimu aliniuliza kwa uchungu, mbele ya wote, kwa nini niliwapa matumaini kisha nawanyang'anya. Huyo ndiye aliyeniumiza, kwa sababu alikuwa na haki. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Dada, kosa ni langu. Wewe hukuniomba pia."

Aline hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mzee, unaelewa kwamba nyumba yako itakuwa ndani?"

"Naelewa."

"Basi twende tukaone."

Tukashuka wote, kundi zima, kamati mbele na kelele nyuma. Mvua ilikuwa imekatika, ardhi bado inateleza. Kufika pale Aline akawageukia akina mama waliokuwa wakifua, akawauliza swali lile lile aliloniuliza mimi. Walitazamana. Waliogopa waume zao, nadhani, na mimi sina wa kumlaumu.

Mama Neema akanyanyua beseni lake kutoka kwenye jiwe. Akapita kwenye uwanda wa majani, polepole, sketi ameikusanya mkononi. Akafika kwenye matete, akayapita kidogo, akaliweka beseni chini.

"Yanafika hapa," akasema. "Masika mimi hufulia hapa. Na mwaka ule mbaya nilifulia mlangoni kwangu, sikuhitaji kutoka."

Watu wakacheka. Hata mama yule aliyeniuliza swali alicheka, akafuta macho. Kicheko kile ndicho kilichotuokoa, maana baada yake mmoja akasema ni kweli, na mwingine akaonyesha alama ya tope kwenye ukuta wa choo, na mwingine, na mwingine.

Wakapima upya, kuanzia kwenye beseni la mke wangu.

Si wote waliofurahi, niwe mkweli. Mfyatua matofali alinuna miezi na bado hanisalimii vizuri. Kulikuwa na mabishano juu ya mashamba, mwisho wakakubaliana kwamba walio na bustani tu watapanda majani ya ng'ombe na mianzi badala ya kulima hadi majini. Viwanja vya juu havikuja upesi kama tulivyotaka. Masika ile tuliipitisha kulekule chini, na Mama Shabani alilala kwetu, kitanda cha Neema, hadi mvua zikakoma. Lakini viwanja vilikuja.

Siku ya kuchagua viwanja nilimsogelea Hamisi nje ya ofisi. Nimejifunza.

"Ndugu yangu, huko juu unataka tuwe majirani tena, au umenichoka?"

Akashika kidevu. "Mi nitafikiri," akasema.

Akaondoka! Wiki nzima hakunijibu, ananisalimia tu na kupita, anapiga mluzi. Mama Neema alijua jibu tangu siku ya kwanza, maana aliambiwa na Mama Shabani, na hakuniambia. Walinichezea wote watatu.

Siku ya kusafisha viwanja nikamkuta Hamisi kwenye kiwanja cha pembeni yangu, na fungu la miche ya imiyenzi begani. Huo ni ule mmea wenye utomvu mweupe ambao huku tunaupanda kuweka mpaka wa ua. Ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Nikatoa mfukoni tepu niliyoinunua kwa kazi ile.

"Weka hiyo kitu chini," akasema Hamisi. "Leo mi napima."

Akapima kwa hatua zake, akipoteza hesabu, akianza tena. Tukachomeka imiyenzi pamoja mstari mzima. Karibu na katikati akasimama.

"Hapa tunaacha mlango. Wanawake wapite."

Nikataka kusema upana wake. Nikajizuia. Nikauliza, "Upana gani?"

Akanitazama, akacheka hadi akashika kiuno.

Kule chini nyumba zetu zimeshabomolewa. Parachichi zangu mbili wameziacha, Aline alisema mizizi yake inashika udongo. Matete yameshuka hadi karibu na mawe. Juzi nimeona misambi, wale ndege wenye taji, wamesimama mahali kilipokuwa choo cha Hamisi, na heshima zao zote. Nilimpigia simu aje aone. Alikuja.

Mama Shabani masika hii hajakohoa sana. Anakohoa kidogo, hajapona kabisa. Tangawizi bado napeleka.

Nilichokipata mimi, wakuu, ni kwamba nilimpenda mtu nikasahau kumuuliza. Nilikuwa na kidonda changu, nikadhani kila mtu anaumwa palepale. Kama kartiye yenu imeletewa ramani ya kupitia, na wakakuteua wewe kwa sababu umesoma, pita nyumba kwa nyumba kwanza kabla hujanyoosha mkono. Na injinia akikuuliza maji hufika wapi, mwonyeshe yanapofika.

Sasa semeni na ninyi. Kuna mtu uliyewahi kumwokoa bila kumuuliza? Nasoma kila jibu, taratibu, hadi miwani idaiwe.

Kuhusu Hamisi: hayumo humu, simu yake ni ya tochi. Kabla sijauweka uzi huu nimemsomea wote, na nimemuuliza kama niuweke. Alisema kuna sehemu moja niitoe, zingine zote zibaki. Nimeitoa.